Ya Kucheka ao ya Kulia

Kwa miaka mingi nilimjua mama mkwe wangu kwa kikohozi chake na kwa kicheko chake. Uso wake sikuujua. Tuliishi jirani hapa Nchelenge, ua wake na wangu ukitenganishwa na uzio wa matete, na bado ungeniuliza ana pua ya namna gani ningekutazama tu. Nikiona kitenge chake kinakuja njiani, niliacha njia. Siku moja niliingia shamba la mihogo la mtu, na mwenye shamba akanipigia kelele za mwizi. Mama mkwe akapita zake, uso ameugeuzia ziwani. Kwa desturi ya hapa sisi wawili tulikuwa tumeheshimiana sana. Aliyekosa adabu ni yule mwenye mihogo.

Ndivyo ilivyo kwa Wabemba na ndugu zao wa ukingo huu wa ziwa Mweru, upande wa Zambia. Mwanaume aliyeoa haonani na mama mkwe wake, hali chakula mbele yake, hakanyagi ndani ya nyumba yake, mpaka siku familia ya mke itakapompikia na kumwingiza. Siku hiyo wanaiita ukwingisha. Wengi huingizwa baada ya mtoto wa kwanza. Mimi watoto walizaliwa, wakatambaa, wakaanza shule, na nilikuwa bado nasimama nje ya uzio.

Sababu ilikuwa mjomba. Kwa watu hawa, watoto wa mwanamke wana baba yao, lakini neno la mwisho ni la kaka wa mama yao. Kaka wa mama mkwe wangu alikuwa na mtumbwi wa injini uliopeleka wachuuzi wa samaki kisiwani Chisenga, na alikuwa na kichwa kigumu kuliko injini yenyewe. Mimi nilivuka ziwa kutoka upande wa Kongo nikiwa kijana, wakati wa vita, nikakaa kambini, nikatoka, nikaoa hapa. Kila mke wangu alipogusia habari ya kuniingiza, mjomba alijibu vilevile.

"Tuingize nani? Kwao ni wapi? Kesho mutumbwi unamurudisha ng'ambo, siye tunabakia na masahani."

Nilichukia. Sitasema kwamba nilimwelewa, kwa sababu sikumwelewa. Mtu amekaa mahali mpaka anajua ni mbwa gani anabweka usiku, halafu anaambiwa ni abiria. Lakini nilinyamaza, kwa kuwa mkwe hana mdomo, nikaendelea na kazi yangu.

Kazi yangu ni filamu. Nina kibanda sokoni Kashikishi, na kompyuta moja yenye skrini iliyopasuka pembeni. Watu wanakuja na simu zao, na flashi zao, nami nawawekea nyimbo, mahubiri na filamu. Vijana wanataka watu wanaopigana mateke. Akina mama wanataka za Nigeria, zenye mama mkwe mchawi. Mwenyewe napenda za zamani, hasa zile za mwanzoni mwa miaka ya themanini, za mambo ya nyumbani na za kuchekesha, ambazo hakuna mtu aliyeziomba. Rangi zake ni za chai iliyochujwa mara mbili. Wanaume wana masharubu, daktari anavuta sigara wodini, na simu imefungwa ukutani kwa waya. Simu inalia ndani ya nyumba, mwenye nyumba yuko nje anafunga lango, na kwa sababu hiyo tu watu wawili wanapotezana maisha yao yote. Leo filamu nzima ingekwisha kwa meseji moja. Mimi niliyeacha nyumba ng'ambo bila kumuaga mtu nilizitazama hizo filamu nikiamini kila kitu.

Sasa, mama mkwe naye alikuwa mtu wa filamu hizohizo. Alipoolewa alipelekwa Copperbelt, mume wake akichimba chini ya ardhi, na mgodi ulikuwa na ukumbi ambapo Jumamosi walionyesha filamu ukutani. Baadaye mume aliachishwa kazi, wakarudi hapa ziwani na televisheni yenye mgongo mnene, na mume akafariki. Televisheni ilibaki. Kila Jumapili baada ya kanisa mke wangu alimpelekea mama yake flashi yenye filamu niliyoichagua mimi, na jioni nilisikia kicheko kikivuka uzio. Nilikuwa nachagua filamu kwa ajili ya kicheko cha mtu nisiyemjua uso. Nikikisikia nilifurahi mpaka kesho yake.

Halafu kicheko kikapungua. Mke wangu akaniambia mama anaona vibaya. Walikwenda hospitali ya Mansa, wakaambiwa ni presha ya macho. Kilichokwisha kupotea hakirudi, na kilichobaki kinaondoka taratibu, kuanzia pembeni. Alikuwa anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Kiingereza cha filamu hajawahi kukikamata vizuri. Alikuwa anafuata kwa macho. Sasa akiona mdomo wa mtu haoni mkono wake, akiona mkono haoni kisu.

Mke wangu alijaribu kumsimulia. Nampenda mke wangu, lakini hana kipaji hicho. Anasema, "Wanagombana," halafu anakwenda kukoroga ugali, anarudi, anasema, "Wamepatana." Mama yake akamwambia aache tu.

Wazo lilikuwa la mama mkwe mwenyewe, na mpaka leo nalicheka. Alimtuma binti yake aniambie hivi: desturi inakataza mkwe kuingia na kuonana, haijakataza mkwe kukaa barazani kwake na kusema na televisheni. Televisheni ikahamishiwa kona inayotazama mlango. Kando ya mlango, ndani, wakatundika pazia la kitenge, na yeye akakaa nyuma yake. Mimi nikapewa kigoda nje, barazani. Wote wawili tuliiona skrini, na hakuna aliyemwona mwenzake.

Nilibaki na hofu moja. Nitasema naye kwa lugha gani? Kibemba nakijua, lakini Kibemba cha mkwe ni kizito, kila neno linapiga magoti kwanza. Ningesimuliaje mtu anateleza kwenye keki? Jibu lilitoka nyuma ya pazia, kwa sauti ya mwanamke anayeuliza bei.

"Papa wa filimu, leo ni ya kucheka ao ya kulia?"

Alinena Kiswahili. Ujana wake wote, kabla ya Copperbelt na baada yake, alikuwa amevuka kununua samaki upande wa Kongo, na Kiswahili chake kilikuwa cha mitumbwini na vikapuni. Hapa kwetu Kiswahili ni lugha ya biashara. Wazambia wengi hawalali nacho nyumbani. Nikaelewa amefanya nini. Kwa Kibemba alikuwa mama mkwe wangu, na ilinipasa kukimbilia mihogoni. Kwa Kiswahili alikuwa mtu wa sokoni, na sokoni kila mtu anasema na kila mtu.

"Ya kucheka, mama," nikajibu.

"Bon. Anza."

Basi tukaanza. Nilisimulia nilichokiona, mwanaume anaingia, amevaa kofia, amekunja uso, mkononi ana samaki amefungwa na gazeti, kwa sababu niligundua mapema kwamba hataki maoni yangu, anataka vitu. Nikinyamaza kidogo tu, pazia linasema, "Kunaonekana nini?" Wakikumbatiana na kubusiana nilisema, "Wanasalimiana." Walisalimiana sana miaka ile. Siku moja salamu zilipokuwa ndefu mno akakohoa na kusema kwamba kule mgodini mwenye mashine alikuwa mzee wa kanisa, na zikifika sehemu hizo aliweka kofia yake mbele ya taa, ukumbi mzima ukapiga miluzi.

"We ni ile kofia," aliniambia. Niliinamisha kichwa barazani peke yangu nikiona haya na kutabasamu.

Alikuwa na kanuni yake ya kugawa filamu, na sijapata bora. Filamu ambayo mwishoni watu wote wako mahali pamoja ni ya kucheka, hata kama wamelia njia nzima. Filamu ambayo mwishoni mtu mmoja hayupo ni ya kulia, hata kama imekuvunja mbavu. Nilikwenda na kanuni hiyo kibandani, nikaipima kwa filamu nilizo nazo, ikasimama. Halafu nikaipima kwa maisha ya watu ninaowajua pande zote mbili za ziwa hili, nikaona nyumba za kucheka ni chache. Yangu haikuwemo.

Jambo jingine sikumwambia. Kioo cha televisheni ile, picha ikiwa giza, kiligeuka kuwa kioo cha kujitazamia. Watu wa filamu wakiingia chumba cheusi, mimi niliona kivuli cha mtu ameketi nyuma ya kitenge, upande wa ndani, kichwa kimeinama mbele. Pazia halikufunika pembe ile. Nilifumba macho kila mara, nikasimulia giza kwa kukisia. Lakini moyoni nilikuwa na haraka ambayo haikuwepo zamani. Tundu la ufunguo lilikuwa linazidi kuwa dogo. Ningeingizwa siku moja, labda, mjomba akichoka au akizeeka. Lakini kama siku hiyo ingechelewa, mama huyu asingejua kamwe sura ya mtu aliyekuwa akimwonyesha sura za watu wengine. Nilitaka anione. Sikuwa na sababu nyingine, na niliitaka sana.

Kisha likaja kosa la suti.

Ulikuwa msimu wa ziwa kufungwa, serikali inapokataza kuvua ili samaki wazaliane. Mitumbwi imepinduliwa ufukweni, chisense, dagaa wa ziwa hili, hakuna, na wanaume wanazurura hawana la kufanya. Mjomba, ambaye Jumapili zote huwa Chisenga, alikuwa nyumbani. Jumapili iliyotangulia tulikuwa tumetazama kipande cha kwanza cha filamu ya kulia. Filamu zile za kanda mara nyingi zilikatwa vipande viwili, na cha pili nilikuwa bado nakitafuta. Basi Jumapili hiyo nikapeleka ya kucheka ili kuziba pengo.

Ilikuwa habari ya ndugu wawili maskini wenye suti moja. Mmoja anaoa siku hiyo, mwenzake anaitwa kazini siku hiyohiyo, na suti inakwenda na kurudi kwa baiskeli. Bwana arusi amejificha kwenye chumba cha nyuma kanisani, anasubiri suruali irudi. Nilikuwa nasimulia kwa kasi, mama anachekea chini chini, mpaka mlango wa kile chumba ukaanza kufunguka na nikaona ni nani anayeingia. Nikanyamaza.

"Kunaonekana nini?" pazia likauliza.

"Mulango unafunguka, mama."

"Nani anafungua?"

"Mama mukwe."

"Mama mukwe ya nani?"

"Ya bwana arusi."

Nikasikia anavuta pumzi. "Na mukwe iko namna gani?"

Ningeweza kusema wanasalimiana. Ningeweza kuwa kofia. Lakini nilikuwa nimemzoesha vitu, naye alikuwa amenizoesha kusema kweli.

"Hana suruali, mama."

Hakuna mzungu aliyetengeneza filamu ile aliyejua ametengeneza nini. Kwao ilikuwa ni mzaha mdogo, sekunde chache. Kwetu hapa hakuna jambo baya zaidi ambalo macho ya mama mkwe yanaweza kukutana nalo duniani. Tulikaa, yeye ndani, mimi nje, na wote wawili tuliiona mihogo, na njia tulizoachiana, na miaka yote ile ya kugeuza nyuso. Kisha ikatoka kwake sauti kama ya chungu kinachochemka, na mimi kifua kikapasuka, tukacheka. Tulicheka mpaka nikaanguka kutoka kigodani. Yeye alikuwa anapiga ukuta kwa kiganja. Tulikuwa tunacheka pamoja, mkwe na mama mkwe, jambo moja, pumzi moja, na nilipoinua kichwa kutoka sakafuni niliona viatu vya mjomba.

Kikao kiliitishwa kesho yake. Mimi sikuruhusiwa kuwepo. Mke wangu alinisimulia, na safari hiyo alisimulia vizuri. Mjomba alisema nimemvua dada yake heshima. Dada yake aliuliza nimemwambia nini kwa Kibemba.

"Sijue," mjomba akasema. "Mulikuwa munasema Kiswahili."

"Ee, basi. Kwa Kibemba sijamwambia hata neno moja, na yeye hajaniambia. Uliza mutoto wangu huyu."

Wazee walicheka, lakini mjomba hakucheka. Alisema kicheko hakina lugha, na hapo, lazima nikiri, alisema kweli. Akaamuru pazia lishushwe na kigoda changu kiondolewe barazani. Filamu zikakoma.

Mvua zile zilikuwa ndefu. Nilikaa kibandani nikiwawekea watu mateke kwenye simu, na jioni nilisikia ng'ambo ya uzio kikohozi tu. Kipande cha pili cha filamu ya kulia nilikipata wakati huohuo. Nilitaka mke wangu ampelekee mama yake, angalau asikie sauti. Alirudi nayo mkononi.

"Mama anasema uikalie," akaniambia. "Anasema isitoke kwako, hata nani aombe."

Sikuelewa. Nilidhani amenichukia. Ndipo mke wangu akakaa chini na kuniambia jambo lililonikata maini: asubuhi ile mama alikuwa ameuliza kama taa imezimika, na jua lilikuwa limejaa chumba kizima. Tundu la ufunguo lilikuwa limefunga. Nilitoka nikaenda ufukweni, nikakaa kwenye mtumbwi uliopinduliwa, nikalia kwa hasira. Nilimlia yeye, na nilijililia mimi pia. Hataniona kamwe. Mjomba ametuibia hilo, na hajui hata kwamba kilikuwa kitu.

Kumbe mama mkwe hakuwa amekaa kimya. Alimwita kaka yake na kumwambia, kwa kuwa umemfukuza msimuliaji, kaa wewe. Mjomba hakuwa na samaki wala safari; akakaa. Flashi ya kipande cha kwanza ilikuwa bado imo kwenye deki ya televisheni. Akaanza kumsimulia dada yake hiyohiyo, kila Jumapili, kwa sababu hawakuwa na nyingine. Mke wangu alinipa habari akiwa ameshika mbavu. Mjomba hasimulii, anahukumu. Huyu mjinga. Huyu mwizi, nimeshamwona macho. Huyu mwanamke mama yake hakumfundisha.

Filamu yenyewe ilikuwa ya mlinzi wa stesheni ndogo ya treni. Mwanamke mmoja anamwachia sanduku, anamwambia atarudi Jumamosi kulichukua, anapanda treni. Jumamosi zinapita, mlinzi anaota mvi, sanduku hajalifungua. Mwishoni mwa kipande cha kwanza treni inasimama, mlango unafunguka, na kiatu cha mwanamke kinakanyaga chini. Hapo kinakatika.

Mjomba alikifikia kile kiatu Jumapili baada ya Jumapili. Na siku moja, katikati ya wiki, nikiwa nimeinamia kompyuta, kivuli kikafunika meza yangu. Sijui alikuja kwa miguu au kwa basi dogo. Alivua kofia, akaivaa tena. Alichagua Kiswahili.

"Nilikuwa napita."

"Karibu, mujomba."

Akazitazama chaja zinazoning'inia kana kwamba atazinunua zote. "Kuko ile filimu," akasema. "Ya ule mutu wa treni."

"Naijua."

"Ile kiatu. Ni ya nani?"

Nilimtazama. Mtu mzima, mwenye mtumbwi, aliyenisimamisha nje ya uzio miaka yote ile, alikuwa ameshika ukingo wa meza yangu. Ndipo nikaelewa kwa nini mama mkwe alisema niikalie. Alikuwa ametega nyavu zake, akangoja, kama alivyowangoja wavuvi ujana wake wote.

"Kipande ya pili ninayo," nikasema. "Iko hapa mufukoni."

"Basi nipe nipeleke."

"Mama alikataza isitoke kwangu."

"Basi niambie tu kwa mudomo. Ni yeye ao haiko yeye?"

"Mujomba, filimu haisimuliwake sokoni. Nitasimulia ndani ya nyumba."

Alikasirika kwanza, nikaona. Halafu kitu kingine kikapita usoni mwake, uchovu labda. Akasema, taratibu, kwamba dada yake kila akimaliza kusimuliwa humwambia jambo moja: wewe unawahukumu watu, yule alikuwa ananionyesha.

"Haone tena, unajua?" akasema.

"Najua."

"Mi sikujua ilikuwa mbio vile." Akavaa kofia vizuri. "Uko na ndugu wa kukusindikiza? Hata wa kukodi?"

Wa kukodi nilikuwa nao. Niliwaita wenzangu wawili niliokaa nao kambini, sasa ni wakulima, wakaja wamevaa mashati ya kanisani na kusema mbele ya wote kwamba mimi ni mtoto wa mama yao. Wanawake walipika mpaka moshi ukafunika ua: kuku, samaki aina ya pale wa kuchemsha, maharage, mboga za karanga, na kila chungu walikifunua mbele yangu na kunieleza. Nilipewa ruhusa ya kula humo ndani, ya kuomba maji humo ndani, ya kupanda juu ya bati likivuja. Mama mkwe alishikwa mkono akaletwa, akaketishwa mbele yangu. Nikaambiwa niinue kichwa. Uso wake ulikuwa mdogo kuliko kicheko chake, na pua, sasa naweza kukujibu, ni fupi, ya mke wangu kabisa. Macho yake yalitazama pembeni kidogo ya sikio langu. Alisema maneno ya desturi kwa Kibemba, nami nikajibu yangu, na hakuna lingine lililosemwa. Nilirudi nyumbani nimeshiba na mwenye huzuni.

Jumapili iliyofuata niliingia kwa mlango, nikiwa na flashi. Pazia halikuwepo. Niliketi mkekani kando ya kiti chake, mke wangu upande wa pili, mjomba kwenye kigoda changu, watoto mlangoni.

"Papa wa filimu," akasema, "tuone ile kiatu."

Kiatu hakikuwa cha mwanamke yule. Mjomba alilaani kwa lugha tatu. Nilisimulia mlinzi anavyostaafu, anavyokabidhi funguo, anavyolichukua lile sanduku ambalo hakulifungua na kupanda treni nalo, yeye ambaye hajawahi kupanda treni maishani mwake. Inabaki benchi aliyokuwa akingojea, haina mtu. Kisha skrini ikawa nyeusi.

"Na anamupata?" mjomba akauliza. "Anamupata wapi?"

"Haisemi."

"Ni ya kulia," mama mkwe akatoa hukumu. "Benchi iko wazi." Akajifuta pua kwa ncha ya kitenge. Nilikuwa nimenyamaza, na yeye hajawahi kuvumilia kimya changu. "Na sasa? Kunaonekana nini?"

Nilifungua mdomo kusema hakuna kitu, filamu imekwisha. Lakini kwenye kioo cheusi kulikuwa na watu, na sikufumba macho.

"Tunaonekana siye, mama."

"Siye nani?"

"Kuko mama moja kwenye kiti. Amevaa kitenge ya bluu, miguu ameikunja. Anainamisha kichwa mbele, anasikiliza. Karibu yake kuko binti yake, anafanana naye pua. Ku mulango kuko watoto. Nyuma kuko muzee na kofia, amekasirikia treni."

Mjomba akaguna.

"Na nani mwingine?"

"Kuko mwanaume moja, chini, kwenye mukeka." Nikakisogelea kioo. "Si murefu. Nywele zinaanza kuwa nyeupe hapa mbele. Ana alama kwenye paji, alianguka ku mutumbwi wakati alikuwa anavuka. Masikio makubwa."

"Makubwa namna gani?"

"Makubwa, mama," mke wangu akasema.

Akatulia, akiyaweka masikio mahali pake. Kisha mkono wake ukashuka kutoka kwenye kiti, ukapapasa hewani, ukapata bega langu na kukaa hapo.

"Mutu hayuko ni nani?" akauliza.

Nikatazama kioo vizuri kabla ya kujibu, kama alivyonizoesha.

"Wako wote, mama."

"Basi ni ya kucheka," akasema.

Nilikuwa ninalia, lakini sikumbishia.